Ferrari kwa bei ya Prado: Mnunuzi achunguze nini kabla ya kulipa?

TANGAZO la aina hii huwa fupi. Ferrari 360 Modena ya mwaka 2001, rangi nyekundu, imetembea maili 38,000, yauzwa kwa sababu mwenyewe anahamia ng'ambo. Bei ni pauni 39,000 za Uingereza, pesa ambazo jijini Nairobi hununua Toyota Prado iliyokwisha kutumika. Picha zinameremeta, muuzaji anapokea simu kwa upole, na magari mengine ya aina hiyo na ya umri huo yanatangazwa kwa bei iliyozidi hiyo kwa nusu yake.

Anayesoma tangazo kama hilo hupatwa na mawazo mawili kwa wakati mmoja: kwamba hapa pana bahati isiyorudi, na kwamba hapa pana jambo. Wazo la pili ndilo la kufuatwa kwanza. Gari la kifahari la mwendo wa kasi halikosi sababu ya kuuzwa rahisi. Sababu hiyo yaweza kuwa ndani ya injini, ndani ya chasisi, ndani ya karatasi, au moyoni mwa muuzaji. Kazi ya mnunuzi ni kuitafuta na kuipigia hesabu kabla ya kutoa senti yoyote, kwa kuwa tofauti kati ya bei ya tangazo na bei ya soko hatimaye hulipwa na mtu fulani, na aghalabu mtu huyo ni yeye.

Uingereza inafaa kuwa mfano kwa sababu magari ya aina hii yamejaa huko, usukani wake uko kulia kama wa Kenya, na sehemu kubwa ya kumbukumbu za magari yake ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma. Matangazo ya huko ndiyo yanayowavutia Wakenya wengi, wale wanaoishi London na wale wanaoota wakiwa Nairobi.

Rahisi kwa haki

Kabla ya kumshuku muuzaji, ni haki kukiri kwamba si kila bei ya chini ni ulaghai. Ferrari 360 ilizinduliwa katika maonyesho ya magari ya Geneva mwaka 1999 na kuendelea kuundwa hadi 2005, ambapo nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na F430. Injini yake ya silinda nane, yenye ujazo wa lita 3.6 na nguvu za farasi 400, imekaa nyuma ya viti chini ya kioo ambacho mpita njia anaweza kuichungulia. Chasisi yake ni ya aluminiamu, iliyobuniwa kwa ushirikiano na kampuni ya Alcoa ya Marekani. Kwa viwango vya Ferrari, ziliundwa nyingi: zaidi ya 16,000 ukijumlisha zile za paa la kukunja. Kitu kilicho kingi hakiwezi kuwa na bei ya kitu adimu.

Kisha kuna suala la giaboksi. Zilipokuwa mpya, wanunuzi wengi walipendelea ile iitwayo F1, ambayo dereva huibadilisha kwa vijiti viwili vilivyo nyuma ya usukani, bila kanyagio la klachi. Miaka imeyageuza mapendeleo. Leo wakusanyaji wa magari wanatafuta ile ya mkono, kwa kuwa Ferrari imeacha kuiunda, na 360 yenye giaboksi ya F1 huuzwa kwa bei ya chini kwa maelfu mengi ya pauni. Anayelinganisha matangazo mawili bila kutazama jambo hili anaweza kudhani ameona muujiza, ilhali ameona tu giaboksi mbili tofauti. Vivyo hivyo, gari lenye usukani wa kushoto huwa rahisi zaidi nchini Uingereza, na lenye rangi isiyopendwa pia.

Magari mengine huporomoka thamani kwa kuwa hayakuwahi kupata mashabiki wa kutosha. McLaren MP4-12C iliingia sokoni mwaka 2011 kwa pauni 168,500, ikiwa na kiunzi cha nyuzi za kaboni chenye uzito wa kilo 75 na injini ya lita 3.8 yenye turbo mbili. Ndani ya miaka michache ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya thamani hiyo. Kampuni ilikuwa ikileta aina mpya kila mara, na kila moja iliifanya ile ya kabla yake ionekane kuukuu. Aliyeinunua ikiwa mpya ndiye aliyeubeba mzigo huo. Wa pili au wa tatu aliipata kwa bei nafuu kwa njia ya halali kabisa.

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Thamani ya gari hushuka, lakini gharama ya kulitunza haishuki pamoja nayo. Ferrari iliyouzwa ikiwa mpya kwa takriban pauni 100,000 itaendelea kudai vipuri vya gari la pauni 100,000 hata kama mwenyewe aliinunua kwa 39,000. Radieta haijui kwamba gari limeuzwa rahisi. Fundi naye hutoza kwa saa, na saa za kuifungua injini iliyobanwa katikati ya gari ni nyingi.

Mwaka 2005 watangazaji wa kipindi cha magari cha BBC, Top Gear, walijaribu jambo hili mbele ya kamera. Kila mmoja alipewa jukumu la kununua gari la Italia lenye injini katikati kwa chini ya pauni 10,000. Jeremy Clarkson alikuja na Maserati Merak, Richard Hammond na Ferrari 308 GT4, James May na Lamborghini Urraco. Walitakiwa kuyaendesha kutoka Bristol hadi Slough, safari ambayo gari lolote la familia huikamilisha bila kutajwa. Injini ya Merak ilikufa njiani, na Urraco ilisumbuliwa na umeme tangu mwanzo. Kilikuwa kichekesho, lakini ni kichekesho ambacho mafundi wa magari hayo hawakukiona kuwa kigeni.

Mikanda na klachi

Katika 360, jambo la kwanza la kuulizia ni mikanda inayoendesha kamshafti. Mapendekezo ya kawaida ni kuibadilisha kila baada ya miaka mitatu hivi, liwe gari limetembea au limelala. Mpira huzeeka kwa kukaa. Mkanda ukikatika injini ikiwa inanguruma, vali hugongana na pistoni, na kinachofuata ni injini kufunguliwa yote. Katika F355 iliyotangulia, kazi hiyo ilidai injini iteremshwe kabisa kutoka kwenye gari. Kwa 360 wahandisi waliweka mlango mdogo nyuma ya viti, na fundi huifikia mikanda kutokea ndani. Kwa hivyo mwenye 360 aliyepitisha miaka sita bila kuibadilisha hana kisingizio, na huenda hilo si jambo pekee aliloliahirisha.

Mnunuzi asikubali kauli kwamba mikanda "ilibadilishwa juzi". Aombe stakabadhi yenye tarehe, jina la gereji na maili zilizosomwa siku hiyo. Kitabu cha sevisi chenye mihuri ni kizuri, lakini muhuri ni rahisi kughushi kuliko rundo la stakabadhi za miaka 20 zilizoandikwa na watu tofauti kwa mikono tofauti.

Jambo la pili ni klachi ya giaboksi ya F1. Kompyuta hufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na mguu wa kushoto, na huifanya vizuri zaidi gari likiwa katika mwendo. Katika msongamano wa magari, au likirudishwa nyuma kwenye mteremko wa kuingia gereji ya nyumbani, klachi husuguana na kupata joto kali. Ndiyo maana magari mawili yaliyotembea maili sawa yanaweza kuwa na klachi zilizotofautiana mno. La kushukuru ni kwamba kiwango cha kuchakaa kwake kinaweza kusomwa kwa kifaa cha kompyuta, kwa asilimia. Muuzaji mwaminifu hatakataa kipimo hicho kifanywe, na wengi wao huwa nacho tayari kwenye karatasi. Klachi mpya pamoja na kazi yake hugharimu maelfu ya pauni.

Mfumo huo wa F1 una pampu yake ya haidroliki. Mlango wa dereva unapofunguliwa, pampu husikika ikivuma kwa muda mfupi ikijaza shinikizo, kisha hunyamaza. Ikiwa inavuma kila baada ya sekunde chache, kuna sehemu iliyochoka. Ni jambo dogo ambalo mnunuzi anaweza kulisikiliza bila kuwa fundi.

Magari ya miaka ya mwanzo yalikuwa pia na udhaifu katika kifaa kinachorekebisha mzunguko wa kamshafti, na panafaa kuwa na stakabadhi inayoonyesha kwamba kilishughulikiwa. Kuhusu vitufe na plastiki za ndani, ambazo kwa miaka hugeuka kunata vidoleni kama sukari guru, hilo ni kero tu. Halimuui mtu, japo laweza kutumiwa kuomba punguzo.

Maili chache nazo zisimlewe mnunuzi. Gari lililotembea maili 500 kwa miaka mitano limekaa, na gari la aina hii halipendi kukaa. Mipira inayozuia oili hukauka, petroli huharibika ndani ya tangi, breki hushikana, betri hufa. Tairi zinaweza kutoboa siri hiyo. Ubavuni mwa kila tairi pana tarakimu nne zinazoeleza wiki na mwaka ilipoundwa: 2311 ni wiki ya 23 ya mwaka 2011. Tairi zenye ndevu zote lakini zenye umri wa zaidi ya mwongo mmoja zinasema kwamba gari lilikuwa pambo, na kwamba aliyelimiliki hakuona haja ya kutumia pesa kabla ya kuliuza.

Mnunuzi anapokwenda kulitazama gari, aombe mapema kwamba injini isiwashwe. Akifika aikute ya moto, aulize kwa nini. Injini baridi ndiyo husema ukweli: kelele za minyororo na vali, moshi wa buluu, taa ya onyo inayokataa kuzimika.

Sababu zilizofichwa

Hayo yote ni magonjwa yanayotibika kwa pesa. Yapo mengine ambayo pesa haziyatibu.

La kwanza ni ajali. Nchini Uingereza, kampuni ya bima inapoona kwamba gari halifai au haliwezi kukarabatiwa kwa gharama ya maana, hulipa mteja wake na gari huingizwa katika daraja. Hadi Septemba 2017 madaraja yalikuwa A, B, C na D. Tangu Oktoba 1 mwaka huo, C na D ziliondolewa, na mahali pake pakaja S, yaani lililoumia sehemu za kiunzi, na N, yaani ambalo kiunzi chake hakikuumia. Magari ya A na B hayaruhusiwi kurudi barabarani kamwe. Ya S na N yanaweza kurudi, na huuzwa kwa bei ya chini sana, jambo ambalo si kosa iwapo muuzaji amelisema waziwazi.

Kwa gari la kawaida la chuma, fundi hodari wa mtaani anaweza kunyoosha kilichopinda. Kwa Ferrari ya aluminiamu au McLaren ya nyuzi za kaboni, mambo ni mengine. Aluminiamu hudai vifaa na ujuzi wake maalumu, na nyuzi za kaboni zaweza kuwa na ufa usioonekana kwa macho. Ukaguzi wa juu hautoshi. Gari liinuliwe, vifuniko vya chini vifunguliwe, na rangi ipimwe unene wake kwa kifaa, kwani sehemu iliyopakwa upya huwa na tabaka nene kuliko nyinginezo. Mianya kati ya milango na mwili iwe sawa pande zote mbili.

La pili ni maji. Aprili 16, 2024, Milki ya Muungano wa Kiarabu ilipata mvua kubwa zaidi tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949, na barabara za Dubai na Sharjah zikageuka mito. Magari mengi yalizama, yakiwemo ya kifahari. Gari lililozama linaweza kuoshwa, kukaushwa na kuwekewa mazulia mapya likaonekana zuri kuliko lilivyokuwa. Lakini maji huwa yameingia katika viungo vya nyaya, na kutu ya huko hufanya kazi polepole. Mwezi wa nne dirisha linakataa kushuka. Mwezi wa saba gari zima linakataa kuwaka. Dalili ni harufu ya uvundo, matope makavu chini ya reli za viti, ukungu ndani ya taa, na mazulia mapya kupita kiasi katika gari kuukuu.

La tatu ni wizi, na hapa Afrika Mashariki inaguswa moja kwa moja. Mwaka 2015 wapelelezi wa Uingereza waliifuata ishara ya Lexus iliyoibwa nchini humo. Ilipita Ufaransa na Oman hadi bandari ya Mombasa, kisha ikavuka mpaka na kuingia Uganda, ambako magari mengine ya wizi yaligunduliwa. Kwa sheria ya Uingereza, aliyenunua gari la wizi bila kujua hapati umiliki. Gari hurudi kwa mwenyewe au kwa kampuni yake ya bima, na mnunuzi hubaki akimtafuta muuzaji ambaye nambari yake ya simu haipatikani tena.

La nne ni kwamba gari lenyewe laweza kuwa si lile linalotajwa. Julai 2019, polisi nchini Brazil walivamia karakana mjini Itajaí, katika jimbo la Santa Catarina, iliyokuwa ikiunda Ferrari na Lamborghini bandia na kuziuza kwa sehemu ndogo ya bei ya zile halisi. Katika nchi nyingine, Toyota MR2 imetumiwa kwa miaka mingi kutengenezea nakala za Ferrari, kwa kuwa nayo injini yake iko nyuma ya viti. Kuimiliki nakala si hatia ikiwa imesajiliwa kama Toyota na kuuzwa kama Toyota. Nambari ya chasisi humaliza ubishi: ya Ferrari huanza kwa herufi ZFF, ya Lamborghini aghalabu ZHW, ya McLaren SBM. Isomwe mahali pote ilipochongwa au kubandikwa, pamoja na palipo chini ya kioo cha mbele, na ilinganishwe na karatasi tarakimu kwa tarakimu.

Lipo na la tano, ambalo ni jepesi kuliko yote: gari halipo. Picha zimenakiliwa kutoka tangazo la mtu mwingine, muuzaji yuko nchi ya mbali, gari "liko kwa wakala wa meli", na linalohitajika ni amana ndogo ili asipewe mwingine. Hapa hakuna cha kuchunguza. Gari ambalo mnunuzi au mtu anayemwamini hajaligusa kwa mkono halina bei.

Karatasi

Hati ya usajili ya Uingereza, V5C, huwapumbaza wageni wengi. Hutolewa na DVLA, idara ya leseni za madereva na magari, na juu yake imeandikwa bayana kwamba si thibitisho la umiliki. Inamtaja mtu aliyesajiliwa kulitunza gari tu. Anayeishika anaweza kuwa amelikodi, amelinunua kwa mkopo ambao hajaumaliza, au ameliazima kwa shemeji yake.

Mkopo ndio wa kuogopwa zaidi, maana magari mengi ya bei kubwa hununuliwa kwa malipo ya awamu. Sheria ya mwaka 1964 kuhusu ununuzi wa namna hiyo humlinda mtu binafsi aliyenunua kwa nia njema bila kujua kwamba pana deni. Ulinzi huo haumfikii mfanyabiashara wa magari, wala haufiki kwa gari lililokodishwa tu au lililowekwa rehani kwa hati ya usajili. Badala ya kutegemea wakili baadaye, ni afadhali kulipia ripoti ya historia ya gari, ambayo huonyesha madeni, wizi na daraja la bima kwa ada ndogo mno ikilinganishwa na bei ya gari.

Kumbukumbu za ukaguzi wa kila mwaka, uitwao MOT, nazo zinapatikana bure kwenye tovuti ya serikali kwa kuandika nambari ya gari. Zinaonyesha maili zilizosomwa kila mwaka na kasoro zilizotajwa na mkaguzi. Gari lililokuwa na maili 52,000 mwaka 2014 haliwezi kuwa na 38,000 leo. Kasoro zinazojirudia mwaka baada ya mwaka zinaeleza tabia ya mwenyewe kuliko maneno yake.

Aina ya muuzaji ina uzito pia. Anayenunua kutoka kwa mfanyabiashara analindwa na sheria ya haki za wateja ya mwaka 2015, inayompa siku 30 za kulikataa gari lenye kasoro na kurejeshewa pesa zake. Anayenunua kwa mtu binafsi ana haki chache: gari lifanane na lilivyoelezwa, na muuzaji awe na haki ya kuliuza. Kwa hivyo maelezo ya tangazo yahifadhiwe, kwani huenda ndiyo ushahidi pekee atakaokuwa nao. Wafanyabiashara wengine hujifanya watu binafsi kwa sababu hiyo hiyo. Anayepiga simu na kusema "nauliza kuhusu gari", akajibiwa "gari lipi?", amepata jibu.

Ukaguzi wa fundi wa kujitegemea aliyezoea aina hiyo ya gari hugharimu pauni mia kadhaa. Muuzaji akiukataa, mazungumzo yamekwisha. Akiukubali, ripoti iwe msingi wa hesabu. Tuseme Ferrari yenye stakabadhi zote inauzwa pauni 58,000. Tofauti na ile ya 39,000 ni pauni 19,000, na ripoti ikitaja mikanda, klachi, tairi nne na kazi ya breki, sehemu kubwa ya akiba hiyo imekwisha hata kabla gari halijaondoka barazani. Ikiwa baada ya haya yote bado kuna maelfu yaliyobaki na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini, basi sababu haijapatikana, na mnunuzi mwenye busara huhesabu kana kwamba ndiyo mbaya zaidi.

Likiletwa Kenya

Msomaji aliye Kenya ana vizuizi vingine. Kanuni zinazosimamiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) haziruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na lenye usukani wa kushoto halisajiliwi isipokuwa la kazi maalumu kama vile ambulensi au la zimamoto. Ferrari 360 ilifungiwa mlango zaidi ya mwongo mmoja uliopita. Yale ya Dubai yanayouzwa rahisi yana usukani wa kushoto, na hayahitaji kufikiriwa.

Kwa lile lililo changa vya kutosha, ushuru ndio mtihani. Tangu Julai 2023 ushuru wa forodha ni asilimia 35. Juu ya jumla hiyo huongezwa ushuru wa bidhaa, ambao kwa injini ya petroli inayozidi lita 3 ni asilimia 35, kisha ushuru wa ziada ya thamani (VAT) wa asilimia 16. Kwa kila Sh100 za thamani ya gari, kodi hizo tatu pekee hufikia Sh111, kabla ya ada nyinginezo za uagizaji. Na thamani hiyo haitokani na alicholipa mnunuzi. Mamlaka ya Ushuru (KRA) huanza na bei ya gari hilo likiwa jipya, kisha hupunguza kulingana na umri. Aliyepata bei ya kutupa huko Uingereza atatozwa sawa na aliyenunua kwa bei kamili.

Hivyo basi, anayeitaka Ferrari ya zamani humu nchini hana budi kununua iliyokwisha kusajiliwa hapa. Kumbukumbu zake zinaweza kuombwa kutoka kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA) kupitia eCitizen, nazo humtaja mmiliki na kuonyesha iwapo benki ina dai juu ya gari. Swali moja zaidi liulizwe kuhusu namna lilivyoingia. Magari yaliyoletwa na mabalozi na watu wengine waliosamehewa ushuru hayauzwi kwa mtu asiye na msamaha huo hadi ushuru ulipwe, na katika gari la namna hii ushuru huo unaweza kuzidi bei iliyotangazwa.